Nina Mtu Wangu Mmoja

Iko tuhuma moja ambayo imezoeleka mno siku hizi hata haiulizwi tena ushahidi wake, nayo ni kwamba mwanamume hasemi. Kwamba akiingiwa na hofu, au na fadhaa isiyoonekana chanzo chake, huibana kifuani mpaka imtoe roho au imtoe akili. Tuhuma hii huandikwa magazetini, wake huitoa kwa waume zao, na wanaume wenyewe huikubali kwa kichwa kilichoinama na kwa fahari kidogo ya siri, maana kunyamaza kumehesabiwa tangu zamani miongoni mwa sifa za muruwa. Mimi jioni hii nina shaka nayo. Nimekaa na wanaume umri wangu wote, barazani, chomboni, na katika vikundi vinavyobaki msikitini baada ya sala, na ninayoyashuhudia ni kinyume cha tuhuma: mwanamume husema, tena husema sana, walakini husema kwa mlango wa nyuma, na sisi tunaodai kumsubiri tumeketi mlango wa mbele tukilalamika kwamba hatokei.

Sikilizeni anavyoanza. Hatasema, "Nina hofu." Atasema kifua kinambana, au moyo unamwenda mbio, au kichwa kinamwanga tangu alfajiri, au presha imempanda, au usingizi umemkimbia, au tumbo limechafuka na hajui alikula nini. Na aghalabu tunamwona kama mtu anayekwepa jambo, ilhali ndilo analolisema, tena kwa usahihi mkubwa kuliko anavyodhani yeye mwenyewe. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kueleza mageuzi yanayoupata mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu: tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo ukaongeza mapigo, damu ikapelekwa kwenye misuli, tumbo likasimamisha kazi yake, na mtu mzima akawa tayari ama kupigana ama kukimbia. Hayo ni maandalizi mema kwa aliyekutana na chui. Lakini aliyekutana na barua ya benki hana wa kupigana naye wala pa kukimbilia. Maandalizi yamekamilika na adui haonekani, na akiendelea kupumua kwa haraka, kaboni dioksaidi hupungua damuni, vidole vikafa ganzi, midomo ikamchezacheza, kichwa kikawa chepesi, naye akaamini kwa yakini kwamba mauti ndiyo hayo yamefika. (Na hapa wauza kahawa waniwie radhi: vikombe sita vya kahawa chungu baada ya isha navyo vina ushahidi wao wa kutoa katika kesi hii.) Basi anayesema kifua kinambana hakusema uongo wala hakuficha neno. Ametaja mahali hofu ilipomshika.

Kutosikia lugha hii kumewahi kuleta madhara makubwa kuliko ugomvi wa mume na mke. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliongoza daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, J. C. Carothers, tangu mwaka 1938 hadi 1950, naye mwaka 1953 akaandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, ambamo alidai kwamba maradhi ya huzuni ni haba sana kwa Mwafrika, na akafika hata kumfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Kwa insafu tujiulize alimwona nani. Waliofikishwa Mathari zama hizo walikuwa hasa wale waliofanya fujo njiani, waliopiga watu, waliovua nguo sokoni, wakaletwa na askari. Mwanamume aliyekesha chumbani kwake akihesabu boriti za dari, asubuhi akaamka akaenda kazini na macho mekundu, hakuletwa na askari yeyote, na wala hapakuwa na sababu ya kumleta. Akienda zahanati alisema tumbo, akapewa dawa ya tumbo. Kisha ikaandikwa kwamba watu hawa hawana huzuni.

Aliyelijibu jambo hili kwa vitendo alikuwa Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyeanza kazi yake Aro, karibu na Abeokuta, mwaka 1954, akawapanga wagonjwa wake katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, walale kwa watu na wale na watu, na mchana wapate matibabu. Baadaye yeye na wenzake wa Marekani wakafanya uchunguzi miongoni mwa Wayoruba, matokeo yake yakachapwa mwaka 1963, na maradhi yaliyodhaniwa kuwa hayapo yakaonekana yapo, tena tele, kwa wanaume na kwa wanawake, vijijini na mjini. Na tazameni Shirika la Afya Duniani lenyewe lilivyojifunza: lilipokuja kutunga maswali 20 ya kuwapima watu katika zahanati za nchi maskini ili kutambua walioelemewa nafsini, swali la kwanza ni la maumivu ya kichwa, la pili ni la hamu ya chakula, na la tatu ni la usingizi. Mlango wa nyuma ndio uliobishwa kwanza.

Sasa nirudi kwetu pwani, maana ndiko ninakokujua. Yako maneno ambayo kila baraza imeyasikia, nayo ni haya: "Nina mtu wangu mmoja." Anayesema hivyo huwa hana mtu wake yeyote. Nilikuwapo Tanga, katika baraza moja ya jioni, muuza kahawa amekwisha kuzungusha vikombe duru ya pili, na wazee wawili wamelala juu ya bao, mmoja ameitia nyumba yake hatarini na anafikiri kabla ya kunyanyua kete. Akaja bwana mmoja mwenye mashua, mtu wa miaka takriban arubaini, akapewa kikombe, akakishika kwa mikono miwili hadi kikapoa asiinywe kahawa ile. Mazungumzo yalikuwa ya mpira. Mara akasema, "Jamani, nina mtu wangu mmoja ana taabu. Usiku ukiingia moyo humwenda mbio kama anayefukuzwa, jasho likamtoka na huku feni inazunguka. Amepimwa hospitali, hakuonekana kitu. Haya ni maradhi gani?"

Wa kwanza kujibu alisema, "Huyo karogwa, shehe, mwambie atafute mtu." Wa pili akasema, "Karogwa na nani? Mkewe amemchosha huyo, na aongeze wa pili." Baraza ikacheka, na mwenye mashua akacheka pamoja nasi, ila kicheko chake kilidumu kitambo baada ya vyetu kwisha. Kisha mpira ukarudi.

Yule mzee wa bao hakuwa ameinua macho. Alimaliza mchezo wake, akashindwa, akajikung'uta kanzu, akamwambia mwenye mashua, "Mwanangu, nisindikize, macho yangu si ya usiku." Mimi nilikuwa wa tatu katika njia ile, kwa kuwa nyumba yangu ya kufikia ilikuwa upande huo huo. Tukaenda hatua nyingi bila neno. Ndipo mzee akauliza, kama aulizaye bei ya samaki, "Huyo mtu wako, hulala saa ngapi?"

"Halali, mzee wangu. Hujilaza tu."

"Na anadaiwa na nani?"

"Mimi sikusema anadaiwa, mzee."

"Basi hadaiwi?"

Kijana akanyamaza mpaka tukavuka barabara. "Anadaiwa," akasema, na hapo habari yote ikamtoka: mashine ya mashua iliyonunuliwa kwa mkopo, kusi iliyokuwa kali mwaka ule hata siku za kwenda baharini zikawa chache, mashine yenyewe ikaharibika, bangili za mke zikauzwa moja baada ya moja, na ada za watoto, na mtu wa mkopo anayepiga simu kila siku asubuhi, hata ikawa simu ikilia tu, ya yeyote, mikono humtetemeka. Yote haya yalisemwa kwa "yeye" na "huyo". Mzee hakusema "wewe" hata mara moja, wala hakutoa nasaha njia nzima, alikuwa akiuliza tu: ngapi, lini, kwa mkataba gani, nani mwingine anajua. Mlangoni pake akasema, "Mwambie huyo mtu aje kesho baada ya alasiri, tukae tuandike nani anadai nini." Kijana akajibu, "Nitamwambia, mzee."

Sina kisa cha muujiza cha kuwamalizia. Kesho yake alikwenda, karatasi ikaandikwa, na deni halikupungua kwa kuandikwa. Nilisikia baadaye kwamba mkopeshaji alikubali kulipwa kidogo kidogo, na kwamba usingizi ulichukua miezi kurudi, tena haukurudi wote. Lakini mimi nimeyafikiri mara nyingi maswali ya mzee yule kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Aliona kwamba mtu amejifunika, akamwacha na sitara yake, akazungumza naye akiwa ndani yake. Wengi wetu tukigundua kwamba "mtu wangu" ni yeye mwenyewe msemaji, hukimbilia kumvua: "Sema tu kwamba ni wewe!" Naye akivuliwa mbele za watu hutahayari, hutoa mzaha, akaondoka, na mara nyingine hatakuja na mtu wake wala na nafsi yake.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingia msikitini siku moja akamkuta Abu Umama, mtu wa Ansari, ameketi humo, na haukuwa wakati wa sala. Akamwuliza kwa nini anamwona msikitini saa isiyo ya sala, naye akajibu kwamba ni hamu zilizomwandama na madeni. Hapo ndipo akafundishwa dua ya kujikinga na hamu na huzuni, ambayo wengi wetu tunaihifadhi. Sisi tumeishika dua, na ni vyema. Lakini kisa hiki kina sehemu mbili, na ya kwanza tumeiacha. Abu Umama hakwenda kushitaki kwa mtu. Alikuwa amekaa tu, mahali pasipo ajabu, katika saa isiyokuwa yake, na yuko aliyeiona saa ile akauliza. Wakristo wanaonisikiliza nao watakuwa na visa vyao vya namna hii, na sidhani kwamba kwao swali linakuja baada ya mawaidha.

Kwa hiyo nikisikia mtu anamwambia mwenzake "Mtegemee Mungu" kabla hajamwuliza lolote, naona neno la haki limetumika kama kifuniko. Vivyo hivyo "jikaze kiume," na "piga moyo konde," na "mbona wenzako wana makubwa kuliko hayo." Wahenga walikwisha kulinena jambo hili kwa kejeli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maneno haya hayasemwi kwa ubaya. Anayeyasema aghalabu ameogopa. Hofu ya mwenziwe imegusa ya kwake aliyoilaza kwa taabu, naye hataki iamke.

Na hofu hiyo tulifundishwa kuilaza mapema. Katika jando kijana alisifiwa kwa kutopepesa macho mbele ya kisu, na aliyelia alitungiwa nyimbo. Sisemi jando lilikosea. Lilikuwa na kazi yake, na lilimpa kijana somo wa kumwendea maisha yake yote, jambo ambalo vijana wa leo, waliotahiriwa hospitalini wakarudi nyumbani kwa teksi, hawakulipata. Kilichobaki kwao ni nusu ya mafunzo: kutolia kumebaki, somo ameondoka. Juu ya hayo, heshima ya mwanamume kwetu hupimwa kwa anacholeta nyumbani, na ndiyo maana hofu yake huvaa nguo za fedha, na ndiyo maana mtu wa mwisho kuambiwa ni mke, ambaye kwa hakika ndiye wa kwanza kujua, maana yeye ndiye anayesikia kitanda kikilia usiku kucha.

Hesabu za Shirika la Afya Duniani zina mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja yanakufanya uduwae. Wanaotambuliwa kuwa na maradhi ya wasiwasi, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Wanaojiua duniani, wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Sidai kwamba jambo la kwanza laeleza lote la pili. Lakini naamini kwamba sehemu ya hofu ya wanaume haikuhesabiwa mahali pake. Iliandikwa kwingine, katika daftari la vidonda vya tumbo, la ulevi, la mirungi, la ngumi, la ajali za usiku barabarani, na la baba mkali ambaye watoto husambaa akibisha hodi. Na sheria nazo hazikusaidia. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hata mtu aliyeponea chupuchupu akawa na sababu ya kumwogopa daktari kama amwogopavyo askari. Ni tarehe 9 Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba. Nanyi mnaonisikiliza, ikiwa mtu wenu amefika mahali pa kusema kwamba amechoka kuishi, hapo msizunguke wala msingoje jioni: mwulizeni waziwazi, msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa siku za kawaida, hata hivyo, mzunguko ndio njia. Nchini Australia, tangu miaka ya 1990, wamekuwa wakifungua karakana za hisani ambamo wanaume, wengi wao wastaafu, hukutana kuranda mbao na kutengeneza viti vibovu, na wenye kuziendesha hukiri kwamba viti ni kisingizio. Wanaume wale hawasemi wakitazamana, husema wakiwa bega kwa bega, macho yapo kwenye randa. Sisi hatuna haja ya kujenga karakana. Tunalo bao, ambapo watu wawili hukaa saa nzima magoti yakikaribia kugusana na hakuna anayemtazama mwenziwe usoni. Tunao ushonaji wa nyavu, na safari za daladala ndefu, na kumsaidia mtu kusukuma gari lisilowaka. Aliye na mwenziwe anayemtilia shaka na asimwite faragha kwa sauti ya msibani akamkalisha kiti mkabala na kiti. Amwombe msaada wa kazi fulani, kisha katikati ya kazi aulize habari ya usingizi. Usingizi hauna aibu. Kila mtu hukubali kuulizwa habari ya usingizi.

Ajabu ni kwamba hekima ya kuutazama mwili na nafsi kwa pamoja si ngeni katika turathi tunayoisifia. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zaid al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akatenga milango ya hofu, ya huzuni, ya ghadhabu na ya wasiwasi, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuitibu nusu moja ya mtu. Lawama hiyo ingali na kazi, hususan mlangoni mwa zahanati, na hapo ndipo nitakapoishia.

Mwanamume wetu akifika kwa tabibu akasema kifua kinambana, apimwe kifua, kwa bidii na bila dharau, kwa kuwa maradhi ya moyo yapo na huua, na si kila anayebanwa kifua amebanwa na deni. Lakini inapotokea kwamba moyo ni mzima na damu ni safi, jibu analopewa huwa ni maneno mawili, "Huna kitu," nayo ni maneno mabaya mno kumwambia mtu aliyekwisha kujiaga usiku wa jana. Huondoka akiwa amenyang'anywa hata jina la kuita taabu yake, na akifika nyumbani jamaa nao humwambia hivyo hivyo, kwamba daktari kasema huna kitu, basi wacha. Ingetosha tabibu, au kaka aliyemsindikiza, aongeze sentensi moja: "Alhamdulillahi, moyo wako ni mzima. Sasa niambie, kubanwa huku kulianza lini, na siku hizo kulikuwa na jambo gani nyumbani au kazini?"